Okot p'Bitek: Mhakiki aliyekataa kuwa maigizo ya Afrika yalianza na jengo

Mwaka 1959, ikiwa imebaki miaka mitatu Uganda ijipatie uhuru wake, mji wa Kampala ulipata jumba la taifa la maonyesho. Lilikuwa na kila kilichohesabiwa siku zile kuwa cha lazima kwa mchezo wa kuigiza: jukwaa lililoinuliwa, pazia, taa za kuwamulika waigizaji, na safu za viti zilizoelekezwa upande mmoja ili watazamaji wakae kimya na kutazama. Katika miaka ya mwanzo jukwaa hilo lilitumiwa zaidi na vikundi vya ridhaa vya Wazungu na Waasia wakazi wa mji, na michezo mingi iliyochezwa humo ilikuwa imetungwa mbali sana na mwambao wa Ziwa Viktoria.

Katikati ya miaka ya 1960 jumba hilo, pamoja na Kituo cha Taifa cha Utamaduni kilichokuwa kikilisimamia, lilikabidhiwa kwa Mganda wa kwanza kuliongoza. Jina lake lilikuwa Okot p'Bitek. Alikuwa mwalimu, mchezaji wa mpira, mwanasheria kwa kusomea, mtafiti wa mila kwa taaluma, na mshairi. Hakudumu katika kiti hicho. Kufikia mwaka 1968 alikuwa hana kazi wala nchi, naye akaishi ugenini kwa muda wa zaidi ya miaka 10.

Wengi wanamkumbuka Okot kwa utenzi wake mmoja, ule wa mwanamke wa Kiacholi aitwaye Lawino. Umaarufu wa utenzi huo ni wa haki, lakini umeifunika kazi yake nyingine ambayo aliifanya kwa bidii ileile: kazi ya mhakiki aliyetaka historia ya maigizo, nyimbo na ngoma za Afrika iandikwe upya, na iandikwe kutoka uwanjani zinakochezwa.

Mwana wa mwimbaji

Okot alizaliwa mwaka 1931 mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika nchi ya Waacholi, watu ambao mpaka uliochorwa na wakoloni uliwagawa, wengine wakabaki Uganda na wengine katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake alikuwa mwimbaji na mchezaji ngoma aliyejulikana kwao, na nyimbo nyingi ambazo mwanawe alikuja kuzikusanya na kuzifasiri alizisikia kwanza kinywani mwake. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Watafiti wengi wa wakati ule waliziendea nyimbo za Kiafrika kama mtu aingiaye nyumba ya wageni, akiwa na daftari mkononi. Okot alirudi nyumbani kwa mama yake.

Alisoma Gulu, kisha katika shule mashuhuri ya Budo karibu na Kampala, halafu akafuzu ualimu Mbarara. Mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 22, alichapisha kwa Kiacholi riwaya iitwayo Lak Tar, inayomhusu kijana maskini aendaye Kampala kutafuta fedha za mahari. Baadaye alifundisha katika shule ya Sir Samuel Baker huko Gulu. Mpira wa miguu ndio uliomvusha bahari: mwaka 1956 alisafiri hadi Uingereza na timu ya taifa ya Uganda, baadhi ya wachezaji wakicheza bila viatu. Wenzake waliporejea nyumbani, yeye alibaki huko kusoma.

Alianza Bristol kwa masomo ya ualimu, akaenda Aberystwyth huko Wales kusomea sheria, na mwishowe akafika Oxford kujifunza elimu ya jamii na mila za binadamu, katika taasisi iliyoongozwa na Evans-Pritchard, mtaalamu aliyekuwa amejipatia jina kwa tafiti zake juu ya Waazande na Wanuer. Ni huko Oxford ndiko mhakiki alikozaliwa, na alizaliwa kwa hasira. Okot aliketi darasani akiwasikiliza wahadhiri wakiwataja watu wake kwa maneno ya kale ya dharau, washenzi na watu wasiostaarabika, kana kwamba maneno hayo ni ya kitaaluma tu na hayamgusi yeyote aliyemo chumbani. Alipinga, lakini msamiati haukubadilika. Baadaye aliyaeleza hayo katika kitabu chake juu ya dini za Afrika katika maandishi ya wasomi wa Magharibi, kilichotoka mwaka 1970, na humo hakuwahurumia hata Waafrika wenzake. Aliwalaumu wasomi wakubwa wa bara hili kwa kuivika miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki ili ipate kukubalika Ulaya.

Uwanja wa ngoma kama ukumbi

Tasnifu aliyoiandika Oxford ilihusu fasihi simulizi ya Waacholi na jirani zao Walango. Kazi hiyo, pamoja na utafiti aliouendeleza baada ya kurudi nyumbani mwaka 1964, ndiyo iliyozaa kitabu cha Horn of My Love cha mwaka 1974, mkusanyo wa nyimbo za Kiacholi pamoja na tafsiri na maelezo yake.

Anayekifungua kitabu hicho akitarajia orodha ya mashairi atashangaa. Okot haanzi na maneno. Anaanza na mahali, saa na watu. Anaeleza ngoma ya vijana iitwayo orak, ambamo mapenzi huanza na ushindani huonekana hadharani. Anaeleza bwola, ngoma ya heshima ya mtawala, yenye mpangilio wake mkali. Anaeleza ngoma ya matanga, ambamo mbolezi huimbwa kwa namna inayomshangaza mgeni, kwa maana kifo humo hushambuliwa kama adui anayeweza kupigwa vita. Kila wimbo umewekwa mahali pake: nani huuanza, nani huitikia, wachezaji wamesimama vipi, na kwa nini wimbo wa uwanja huu haufai kuimbwa katika uwanja ule.

Kwa mtu wa maigizo, hayo yote ni maelezo ya ukumbi. Kuna waigizaji, kuna mavazi, kuna mpangilio wa kuingia na kutoka, kuna hadhira inayojua kanuni na inayoweza kumwaibisha mwigizaji aliyekosea. Kinachokosekana ni ukuta tu. Tofauti kubwa aliyoiona Okot ni kwamba katika uwanja wa Kiacholi hakuna mtu aliyelipa ili akae kimya. Anayetazama sasa ataingia kucheza punde, na anayecheza sasa atapumzika na kutazama. Kuigawa jamii katika kundi dogo la wenye kipaji na kundi kubwa la wanunuzi wa tiketi, kwa maoni yake, ulikuwa ni umaskini ulioletwa kutoka nje ukaitwa maendeleo.

Kiswahili nacho kinaweza kutoa ushahidi upande wake, ingawa yeye aliandika kwa Kiacholi na Kiingereza. Neno letu ngoma ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji wenyewe, na ni shughuli nzima ambayo watu wameitana kuja kuihudhuria. Lugha iliyounda neno hilo haikuona haja ya kumtenga mpigaji, mchezaji na mwalikwa.

Mwaka 1965 Taban lo Liyong, mwandishi mwingine kutoka eneo hilohilo la mpakani, alilalamika kwa maandishi kwamba Afrika Mashariki ilikuwa jangwa la fasihi. Lalamiko hilo liliwauma wengi na likawachochea wengi kuandika. Okot alilikataa kutoka msingi wake. Kwake fasihi ilikuwa ni kila kazi ya ubunifu inayotumia maneno, yawe yameandikwa, yametamkwa au yameimbwa. Ukiikubali tafsiri hiyo, nchi inayoitwa jangwa inageuka kuwa shamba lililojaa mazao, na mwenye kosa ni yule mpimaji aliyekuja na kipimo cha vitabu peke yake. Wasomi wengine wa Uganda, miongoni mwao mwanaisimu Pio Zirimu, walikuwa wakilitafutia jambo hilohilo istilahi mpya katika miaka hiyo.

Lawino anapohakiki dansi

Mwaka uliofuata, 1966, shirika la uchapishaji la East African Publishing House la Nairobi lilitoa utenzi wa Lawino kwa Kiingereza. Okot alikuwa ameutunga kwa Kiacholi na kuufasiri mwenyewe, naye alikiri kwamba katika tafsiri hiyo vina na mapigo ya asili vilipotea. Kisa chake ni chepesi kueleza: mke aliyeachwa na mume msomi kwa ajili ya mwanamke wa mjini anajitetea mbele ya ukoo.

Lakini Lawino ni mhakiki pia. Sehemu nzima ya utenzi anaitumia kulinganisha ngoma ya kwao na dansi ya mjini. Ngoma ya kwao huchezwa uwanjani, kila mtu akionekana na kila mtu akijulikana ni mtoto wa nani. Dansi ya mjini huchezwa ndani ya nyumba, gizani, katika moshi na ulevi, watu wakikumbatiana na wasiowajua. Msomaji anaweza kucheka, na Okot alitaka acheke. Hata hivyo hoja iliyomo ndani ya kicheko hicho ni ileile ya tasnifu ya Oxford, safari hii ikiwa imewekwa kinywani mwa mwanamke asiyejua kusoma, na ikaeleweka na watu ambao wasingeigusa tasnifu kamwe.

Wasomaji wa Kiswahili waliipata kazi hiyo mwaka 1975, ilipochapishwa kwa jina la Wimbo wa Lawino katika tafsiri ya Paul Sozigwa wa Tanzania. Haikuwa bahati mbaya kwamba mfasiri alikuwa mtu wa redio, aliyezoea kuyapima maneno kwa sikio.

Kiti cha Kampala

Okot alipoingia katika jumba la maonyesho la Kampala hakuwa mgeni wa shughuli za aina hiyo. Alipokuwa akifanya kazi Gulu katika idara ya Makerere ya masomo ya nje ya chuo, aliandaa tamasha lililowakusanya wachezaji ngoma, waimbaji na wasimulizi wa vijijini. Sasa alitaka jambo hilo lifanyike katika mji mkuu. Alitaka jengo la taifa lipokee sanaa ya taifa lenyewe, na vikundi vya mikoani vije na ngoma zao bila kuhitaji kwanza kuzigeuza ziwe mchezo wa dakika arobaini unaotazamwa kutoka upande mmoja.

Kwa haki ya historia, hakuwa Mwafrika wa kwanza kuutamani ukumbi huo. Wycliffe Kiyingi alikuwa ameanzisha kikundi chake cha waigizaji Waafrika tangu miaka ya 1950 na kuandika michezo kwa Kiganda. Tofauti ni kwamba Kiyingi na wenzake walipigania nafasi juu ya jukwaa, ilhali Okot alilitilia shaka jukwaa lenyewe.

Wakati haukuwa mwema kwa mtu wa namna hiyo. Mwezi Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yalilishambulia kasri la Kabaka wa Buganda, katiba ya uhuru ikawa imekwisha kuwekwa kando, na siasa ikawa ya mashaka. Utenzi wa Lawino ulikuwa umevicheka vyama vyote viwili vikubwa na wanasiasa wanaoahidi umoja huku ndugu wa tumbo moja hawasalimiani. Mwandishi wa maneno hayo alikuwa ameketi katika ofisi ya umma. Baada ya safari aliyoifanya Zambia, Okot alijikuta ameondolewa kazini na hatakiwi tena nyumbani. Alikuwa mtu wa kaskazini, kama alivyokuwa Obote, na hilo halikumsaidia kitu.

Ugeni wa Kenya

Kenya ilimpokea. Alikwenda Kisumu, ambako alifanya kazi ya elimu ya nje ya chuo kikuu, na mwaka 1968 akaanzisha huko tamasha la sanaa. Inafaa kutua kidogo hapa. Mtu aliyepoteza jumba la taifa hakutafuta jumba jingine. Alikwenda katika mji wa pwani ya ziwa, miongoni mwa Wajaluo ambao lugha yao ina undugu na Kiacholi, akakusanya watu uwanjani.

Baada ya kushiriki mpango wa waandishi wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, alijiunga mwaka 1971 na Taasisi ya Taaluma za Kiafrika ya Nairobi. Alifika wakati vita vya masomo vilikuwa vimekwisha kuanza. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa wametaka idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake pachukuliwe na masomo yenye Afrika katikati, fasihi simulizi ikiwa nguzo mojawapo. Okot aliwaletea alichokikosa mjadala huo, yaani nyimbo zenyewe, zikiwa na maelezo ya namna zinavyochezwa.

Mwaka 1973 makala zake zilikusanywa katika kitabu cha Africa's Cultural Revolution, na Ngũgĩ akakiandikia dibaji. Ni kitabu cha mgomvi. Baadhi ya kurasa zake zimechakaa, kwa kuwa maadui waliotajwa humo wamesahaulika. Lakini pale anapowageukia watawala na wasomi wa Kiafrika, na kuwauliza kwa nini shule zao, sherehe zao na kumbi zao bado zinapimwa kwa rula ya London, maandishi hayo bado yana makali.

Walikuwepo waliomjibu, na si wote waliokosea. Kijiji anachokisifu Lawino kina jua tele na kivuli kidogo. Utenzi haujitwishi swali la mwanamke ambaye hakutaka maisha ambayo uwanja huo ulimpangia, na Ocol, mume msomi, hata alipopewa utenzi wake mwaka 1970, aliachiwa maneno ya kujiaibisha zaidi kuliko ya kujitetea. Pia palikuwa na mkanganyiko ambao Okot hakuukwepa wala hakuutatua: mtetezi wa uwanja wa ngoma alijulikana duniani kwa kitabu, na kwa Kiingereza.

Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa madaraka mjini Kampala, na Waacholi na Walango waliokuwa jeshini wakauawa kwa wingi. Kurudi nyumbani kukawa sawa na kujipeleka kaburini. Mwaka huohuo Okot alitoa tenzi mbili katika kitabu kimoja, mmojawapo ukiwa wa mfungwa aliyelala juu ya sakafu ya mawe, na kitabu hicho kilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1972. Hatari iliyomngoja mtu wa maigizo nchini Uganda ilionekana wazi mwaka 1977. Byron Kawadwa, mtunzi wa michezo aliyekuwa akiongoza shughuli za jumba lilelile la Kampala, aliuawa na watu wa utawala wa Amin muda mfupi baada ya kikundi chake kurudi kutoka tamasha kubwa la sanaa za watu weusi mjini Lagos.

Kurudi Makerere

Amin aliangushwa Aprili 1979. Okot, ambaye alikuwa amefundisha kwa muda katika Chuo Kikuu cha Ife nchini Nigeria, hatimaye alirejea Uganda, na mwaka 1982 Makerere ilimpa kiti cha uprofesa wa uandishi wa kubuni, mtu wa kwanza kukikalia chuoni hapo. Hakukikalia mwaka. Alifariki dunia mjini Kampala mwezi Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51.

Aliacha makala ambazo zilichapishwa Nairobi mwaka 1986 kwa jina la Artist, the Ruler. Humo anakwenda mbali kuliko alivyowahi kwenda. Anadai kwamba mtawala halisi wa jamii ni msanii, kwa kuwa sheria za bunge huwashika watu kwa nje, lakini nyimbo, hadithi na ngoma ndizo zinazowafundisha tangu utotoni nini ni aibu na nini ni heshima, na mwenye cheo hutawala ndani ya mipaka ambayo mtunzi alikwisha kuichora. Ni dai kubwa kutoka kwa mtu ambaye wenye vyeo walimfukuza nchini kwake.

Jumba la mwaka 1959 bado limesimama katikati ya Kampala. Nyuma yake pamekuwa na vibanda vya kuuzia kazi za mikono, vikapu, vinyago na ngoma.